Kitambaa cha Kichwa Chenye Grisi

Kwa Chelangat mwanangu,

Chamgei sana. Natumaini barua hii itakukuta salama, ingawa wakati naiandika uko hapo kwa Kogo bibi yako ukiaga, na kicheko chako nakisikia kikivuka majani chai mpaka huku jikoni. Lakini mwalimu wetu wa gumbaru, ile shule ya watu wazima, alitufundisha kwamba barua huanza kwa salamu za watu wote wa nyumbani, mmoja mmoja, na mimi sijui njia nyingine ya kuianza.

Baba yako anakusalimu. Yuko hapo nje anajifanya kuosha madebe ya maziwa, lakini debe moja nimeona ameliosha mara tatu. Kogo anakusalimu, na anasema ukipata bwana huko Kisumu usimlete hapa kabla hajajua kukamua. Chepkoech mdogo wako anakusalimu, ameshahamisha godoro lake akaliweka kwenye kitanda chako, nikamwambia, "Wewe, dada yako hata hajatoka!" akaniambia anajaribu tu kama litatosha. Ng'ombe mweupe anakusalimu. Na ile gari yetu kuukuu iliyosimama kando ya zizi, nyeupe yenye boneti ya buluu, inakusalimu kuliko wote, kwa sababu ndiyo imenifanya nishike kalamu.

Barua hii nitakupa kesho asubuhi ukitoka. Nitakuambia uisome ukifika Sotik, kabla basi la Kisumu halijajaa watu. Tafadhali usiifungue hapa mbele yangu. Mdomo wangu umejaribu wiki tatu na umeshindwa.

Hutapata humu mambo ya blanketi, wala ya kuchemsha maji, wala ya kuangalia watu wa huko. Hayo nimekuambia mpaka umeanza kuyasema kabla yangu ukiigiza sauti yangu, na Chepkoech anacheka. Hapa nina jambo moja tu.

Ile shafti ya gari niliiharibu mimi. Si Mama Njeri. Ni mimi, mama yako, kwa nyundo ya baba yako ya kupigilia vigingi vya ua.

Sasa nimesema. Hebu ninywe chai kidogo halafu niendelee.

Wewe unajua nusu ya hii hadithi, nami ninajua nusu ile nyingine, na Mama Njeri anajua yote. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba hata hapa yeye ndiye mwenye yote.

Nianze mbali kidogo. Ulipokwenda kujifunza ufundi kwake Sotik, mimi ndiye nilikubali kabla ya baba yako, si unakumbuka? Baba yako alisema msichana atafanya nini chini ya gari. Mimi nikasema mwache aende, kwa sababu tangu ulipokuwa mtoto ulikuwa unafungua redio na kuirudisha na kubaki na msumari mmoja mkononi, na redio bado inaimba. Nikajua huyu mikono yake inataka kazi. Na nilifurahi kwamba mwenye gereji ni mama, mjane, mtu wa kanisa, aliyezaliwa hapa hapa Sotik na wazazi waliotoka Nyeri, na Kipsigis anaongea kwa utani kunishinda hata mimi. Nikasema mtoto wangu atakuwa salama.

Sikujua utakuwa salama namna ile. Jumatatu mpaka Ijumaa unalala kwake, Ijumaa jioni unakuja nyumbani, na kabla hujaketi, "Mama Njeri amesema." Mama Njeri amesema chai ikichemka na maziwa kutoka mwanzo inakuwa nzito. Mimi ninayechuma hiyo chai, mwanangu, tangu nikiwa mdogo kuliko Chepkoech, naambiwa namna ya kuchemsha chai! Mama Njeri amesema viatu vya wazi si vya kazi. Mama Njeri amesema msichana akiwa na mkono wa ufundi haombi mtu kitu. Siku moja ulisahau ukamwita Mum mbele yangu, kwa simu, ukacheka, ukasema, "Sawa Mum, kesho." Mimi nilikuwa namenya viazi. Nilimenya kiazi kimoja mpaka kikabaki kama yai la kuku mdogo.

Nilikuwa najiambia ni hasira kwa sababu umechelewa kuja kunisaidia kuchuma. Si kweli. Kuchuma nilikuwa nachuma. Ulikuwa wivu, na nilikuwa na umri wa kutosha kuujua.

Tena si mara ya kwanza. Hii sijawahi kumwambia mtu. Ulipoanza kutembea, ulitembea kwa Kogo. Mimi nilikuwa nimeenda kupeleka majani kwenye kituo, foleni ilikuwa ndefu, karani alikuwa hajafika na mizani. Nikarudi jioni nikakuta Kogo anapiga makofi, "Ametembea! Hatua nne!" Nikamwambia, "Hapana, huyo alikuwa anaanguka tu." Nikakushika, nikakusimamisha pale kwenye mkeka, nikarudi nyuma, nikakuita. Ukaja. Nikapiga kelele majirani wakasikia, "Mtoto wangu ametembea leo, ametembea kwangu!" Kogo alikaa pale na mikono yake juu ya magoti, akaniangalia, akasema, "Ndiyo. Ametembea kwako." Mpaka leo hajanirudishia neno. Nimeishi na mama mkwe huyo miaka yote hiyo, na kila akinikasirikia juu ya mambo madogo nakumbuka kwamba lile kubwa alilimeza.

Basi turudi kwa gari.

Gurudumu la mbele, upande wa kushoto, lilianza kulia kama mbuzi aliyefungwa mbali. Baba yako akasema ni barabara mbaya. Wewe ulipokuja Ijumaa hiyo ulisikiliza tu kutoka kwa lango, ukasema, "Hiyo ni beringi, Baba. Ikimalizika gurudumu litakwama na Kogo ndani." Na Kogo alikuwa na siku yake ya kliniki ya presha wiki iliyofuata. Ukavua sweta, ukainua gari kwa jeki, ukaweka mawe nyuma ya magurudumu mengine. Nilikuwa naangalia kutoka kwa dirisha la jikoni. Gurudumu likatoka, breki ukaifunga kwa waya isining'inie, ukafungua ile nati kubwa ya katikati kwa spana na bomba refu, ukasimama juu ya bomba kwa miguu miwili, nati ikalia, ikaachia. Nilitaka kuwaita watu waje wamuone mtoto wangu.

Halafu ikakwama ile habu, kile kikombe cha chuma ambacho gurudumu linafungwa juu yake. Kutu ilikuwa imeishikanisha na shafti, ile fimbo ya chuma inayoizungusha, haisogei mbele haisogei nyuma. Ulipaka mafuta, ukagonga kidogo pembeni, ukazungusha, ukagonga tena. Ukangoja. Baba yako akasema, "Leta nyundo kubwa tumalize." Ukamwambia maneno ambayo nimeyakumbuka kila siku tangu hapo. Ulisema, "Baba, hapa katikati hapagongwi. Hii ncha ya shafti ina mistari ya kushika nati. Ukiiponda, nati hairudi, na shafti yote imekufa. Tuiache inywe mafuta mpaka Jumapili. Mama Njeri atakuja na pula yake ya kuivutia nje."

Baba yako akasema, "Huyo mama ana akili."

Akasema hivyo mbele yangu, akiwa ameshika kikombe nilichompa mimi.

Mimi sikusikia habari ya mistari, Chelangat. Nilisikia Jumapili, nikasikia Mama Njeri atakuja, nikasikia huyo mama ana akili. Nikaona yule mwanamke akiingia kwa lango letu watu wakitoka kanisani, na sanduku lake la spana, mbele ya majirani wote, anatengeneza kilichotushinda, na wewe nyuma yake unamshikia tochi.

Jumamosi ulienda Bomet kutafuta beringi mpya. Baba yako alikuwa amepeleka maziwa kwa miguu. Mimi nilirudi kutoka kuchuma, nikaweka kikapu chini, nikaliangalia lile gunia ulilofunikia gurudumu. Nikajiambia, nikiitoa, Chelangat atarudi akute imetoka. Atauliza, "Nani ameitoa?" Nitamwambia, "Mimi. Si ni kugonga tu." Na Jumapili yule mama atakuja akute kazi imeisha, tumpe chai, aende.

Nikaleta nyundo. Nikagonga pale pale katikati, pale uliposema hapagongwi. Ya kwanza haikufanya kitu. Ya pili haikufanya kitu. Mpaka ya saba au ya nane nilikuwa sigongi habu tena, nilikuwa nagonga Sotik yote. Nilipoacha, habu ilikuwa imekaa pale pale kama nilivyoikuta, lakini ile ncha ya shafti ilikuwa imefunguka kama kipande cha muwa kilichotafunwa.

Hapo ndipo maneno yako yalinirudia. Mistari. Nikaichukua ile nati kutoka kwenye kopo uliloiweka, nikaiweka pale, ikakataa. Haikuzunguka hata kidogo.

Unajua nilifanya nini? Nilivua kitambaa cha kichwa, kile cha kijani chenye maua, nikapangusa ile ncha ing'ae isionekane imepigwa. Ikang'aa zaidi. Basi nikachukua grisi kwenye mkebe wako nikaipaka juu, nyingi, nikafunika gunia kama lilivyokuwa, hata ile kona iliyokunjwa niliikunja. Nikarudisha nyundo kwenye ua. Ulipokuja jioni ukanionyesha beringi ikiwa kwenye karatasi yake, nikasema ni nzuri sana.

Jumapili ile unaijua. Lakini wewe ulikuwa umeinama juu ya gurudumu, mimi ndiye nilikuwa nimesimama, kwa hivyo nikuambie nilichoona.

Mama Njeri alikuja na mkate na majani ya kitunguu. Kogo akamfurahia kama dada yake, wakaanza utani wao. Kogo akamwambia, "Nasikia umemfanya mjukuu wangu mwanaume." Mama Njeri akasema, "Hapana Kogo, wanaume nimewajaribu, wanapoteza spana." Kogo akacheka mpaka akakohoa. Mimi nilikuwa natafuta sukari ambayo ilikuwa mkononi mwangu.

Mkaweka ile pula yake ya miguu mitatu, ikakumbatia habu, ule msumari mkubwa wa katikati ukasukuma ncha ya shafti kwenye ile grisi yangu. Mkakaza. Mkangoja. Mkakaza. Halafu ule mlio, ta! na habu ikatoka, na ukaruka juu ukamkumbatia. Baba yako akapiga makofi. Beringi mpya ikaingia, habu ikarudi, kila kitu kikarudi mahali pake. Ndipo ukachukua nati.

Ulijaribu mara tatu. Ukapangusa grisi. Ukamgeukia fundi wako.

"Mama Njeri, umeiponda."

"Nimeponda nini?"

"Mistari. Umekaza pula bila kuweka kitu pale mbele. Wewe mwenyewe ndiye unatuambia kila siku tuweke kipande cha chuma."

Akavaa miwani, akainama. Akapitisha kidole. "Pula haipondi hivi," akasema polepole. "Hii ni nyundo. Chelangat, uligonga?"

"Mimi? Mimi nigonge? Kwa nini usiseme tu macho yako yamechoka? Baba anapeleka maziwa kwa miguu, Kogo ana kliniki, na wewe unanisingizia!"

Hapo aliinua kichwa kujibu. Na alipoinua, akaniona mimi. Nilikuwa nimesimama kwa mlango na kile kitambaa kichwani, kwa sababu Jumapili ile nilikuwa na hicho tu kilichokuwa kikavu, na nilidhani nimekifua vizuri. Grisi haifuliki hivyo. Ilikuwa imekaa juu ya sikio, doa jeusi kama sahani. Akaliangalia doa. Akaangalia mikono yangu. Kisha akavua miwani akaikunja.

"Basi," akasema, "pengine ni pula yangu. Nimezeeka. Nisamehe, Baba Chelangat."

Ukamwambia hurudi tena kwake. Akafunga sanduku lake. Mkate alioleta ulibaki mezani, na hakuna aliyeukata mpaka Chepkoech.

Siku ya tatu akatuma shafti nyingine kwa mtu wa boda, iliyotumika lakini nzima, bila neno lolote. Ukaishika ukasema, "Ona, ameleta. Anajua kosa ni lake." Mimi nilikuwa nakamua. Nikainamisha kichwa karibu na tumbo la ng'ombe, nikaendelea. Mwanangu, nilifurahi. Sitaandika uongo kwenye barua. Wiki ile ulilala nyumbani kila usiku, ukachuma nami mistari miwili ya chai, ukanipikia ugali. Nilikuwa na mtoto wangu. Nilikuwa nimempata kwa wizi, lakini nilikuwa naye, na ugali ulikuwa mtamu.

Halafu ikaja ile simu ya gereji ya mabasi ya Kisumu, kwamba wamekupa kazi. Ulishangaa ni nani aliyewapa jina lako. Ukasema labda ni yule mteja wa lori. Mimi nikajua hapo hapo ni Mama Njeri. Nilijua kama ninavyojua majani yaliyokomaa bila kuyaangalia.

Basi Jumanne wiki hii nilisema naenda Sotik kumuona fundi wa cherehani. Sikwenda kwa fundi. Nilibeba kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, kile kizuri kilichokaa, nikaenda gereji yake. Nilimkuta amekaa juu ya tairi anakunywa chai.

"Mama Chelangat," akasema, "umekuja na nyundo?"

Nikataka kugeuka niende. Akacheka, akapigapiga tairi lingine kwa mkono, "Kaa. Hapa hatuna viti vya wageni."

Nikakaa. Nikamwuliza, "Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nimefungua mdomo. Halafu nikaona kitambaa."

"Ungesema."

"Angekukasirikia wewe. Mimi akinikasirikia, Kisumu atapata fundi mwingine wa kumfundisha. Wewe atakubadilisha na nani?" Akanywa chai. "Na mimi nimezoea. Wangu wawili wako Nairobi, simu wanapiga Krismasi. Huyu wako alikuwa ananipigia kuniuliza kama nimekula."

Nikamwambia, "Nilikuonea wivu."

Akasema, "Mimi pia. Kila Ijumaa akipanda gari kurudi kwako."

Hatukulia, usifikirie. Alisimama akaenda kona, akarudi na shafti ya zamani iliyokwama ndani ya habu yake, ya gari lililokufa, akaiweka juu ya gogo mbele yangu. Akanipa nyundo, ndogo. "Njoo nikuonyeshe ulipokosea, isiwe umeharibu bure." Akairudisha nati kwanza, akaizungusha kwa mkono mpaka ikawa sawa na ncha ya shafti, isizidi isipungue. "Nati inabeba pigo, mistari inalala ndani." Juu yake akaweka kipande cha mbao. "Sasa gonga. Si hivyo, hupigi nyoka. Gonga, zungusha habu kidogo, gonga, tia mafuta, ngoja. Hadithia kitu kingine."

Nikagonga. Nikamhadithia ulivyotembea hatua nne kwa Kogo. Nikageuza. Nikagonga. Chai ya pili ikaja. Nikatia mafuta. Na Chelangat, sijui nikuelezeeje. Kwa mkono nilisikia kabla ya masikio. Kitu kidogo kilisogea mle ndani, kama jino la mtoto. Nikagonga tena polepole na shafti ikateremka, ikatoka, ikaanguka kwenye gunia, nzima, na mistari yake yote ikimeta.

Nilipiga kelele. Watu wa duka la mbele walitoka nje. Mama Njeri akasema, "Huyu ndiye mama ya yule," na sikukasirika.

Ndipo nikapatwa na wivu mwingine, na huu sikuutarajia. Nilikuonea wivu wewe. Nilikaa pale juu ya tairi na vidole vyangu vyeusi. Wewe unajua vidole vyangu vimekuwa vyeusi maisha yote kwa utomvu wa chai, hata sabuni imechoka navyo. Lakini huu weusi ulikuwa wa kitu nilichokitoa mwenyewe. Nikafikiria mimi nilitolewa darasa la nne nikachume, na hakuna mtu aliyewahi kuniwekea chuma mbele akasema gonga, ngoja, gonga. Wewe ulipata mtu wa kukuambia hivyo ukiwa na miaka kumi na minane. Nilitaka kuwa wewe, mwanangu. Mama anayemuonea mtoto wake wivu, hiyo ni nini? Sijui. Nimeiandika tu kama ilivyo. Niliporudi nyumbani uliniuliza fundi wa cherehani amesemaje, nikasema amesema nirudi wiki ijayo.

Mikono yako ilipoanza kuwa myeusi nilikuwa nakusukuma ukaoge kabla ya kula. Nilipaswa kuiweka kando ya yangu tuangalie. Ilikuwa inafanana.

Sasa lililobaki. Nilipokuwa naondoka alinipa mzigo ndani ya gunia, mzito. Ile pula yake ya miguu mitatu. Akasema, "Mpe. Usimwambie nimesema nini, mpe tu." Hiyo ilikuwa Jumanne, leo ni Jumamosi, na sijakupa. Niliificha ghalani nyuma ya mahindi. Kwa sababu mimi nimekununulia blanketi, na nilijua ukiona pula, blanketi litakuwa blanketi tu. Siku nne nimekuwa nikienda ghalani kuiangalia. Jana nilisema nitaituma baadaye. Leo asubuhi nilisema labda haina haja. Naandika haya ujue mama yako ni mtu wa namna gani, na ukiona mtu mwingine wa namna hiyo huko Kisumu, pengine mwenye gereji, pengine mwenzako wa kazi, pengine wewe mwenyewe siku moja, ukumbuke kwamba ndani yake pengine kuna mtu ambaye hakupewa nyundo.

Saa hii nimeiweka. Iko chini kabisa ya begi lako, chini ya blanketi. Utafikiri begi ni zito kwa sababu ya mahindi ya Kogo. Nimeifunga kwa kile kitambaa cha kijani. Usikifue.

Basi kesho ukifika Sotik, kabla hujakata tiketi, teremka na huo mzigo. Gereji unaijua. Mwambie, "Mama yangu ameniambia yote." Usimuombe msamaha mrefu, hapendi, atakupa kazi ya kufanya ukiwa na nguo safi. Ukichelewa basi la kwanza, kuna la pili. Umekaa wiki tatu unamchukia mtu kwa kosa langu, na kama ungefika Kisumu na chuki hiyo, ningekuwa nimeponda kitu ambacho hakuna boda inayoweza kuleta kingine.

Na mimi ukinikasirikia, kasirika. Nitangoja. Nimefundishwa kungoja, tena na yeye.

Nasikia umetoka kwa Kogo, lango limelia. Nafunga.

Ukifika Kisumu usilaze siku, piga simu hata kama ni neno moja, tujue umefika. Mpigie Mama Njeri pia, siku hiyo hiyo, umwambie umekula.

Lakini nipigie mimi kwanza.

Mama yako